Sentensi Moja kwa Mkwe

Atu,

Miezi saba! Miezi saba hata kivuli chako sijakiona. Jirani yangu Mama Tabu, mume wake kafa juzi juzi tu, tayari amemjia ndotoni mara tatu, na mara ya tatu alikuja kudai sweta lake. Wewe ninayekulilia kila asubuhi nikipita kwenye mibuni, unakaa kimya kama mtu asiye na kwao. Una nini huko cha kukushughulisha hivyo? Umezikwa hapa hapa Ihanda, hatua arobaini kutoka jikoni kwangu. Si mbali. Nimezihesabu.

Basi kama huji, nakufuata kwa barua. Usicheke mwandiko. Herufi hizi ulinipa mwenyewe, ukiwa darasa la pili, kwa mkaa kwenye sakafu ya jiko, ukinichapa kidole kila nilipoigeuza S. Shule sikuiona mlango wake. Mwalimu wangu ni wewe na mwanafunzi wako wa kwanza ni mimi, kwa hiyo makosa ukiyaona humu ni yako.

Atu, mume wako amekuja. Yuko chumba cha mbele sasa hivi ninavyoandika, na mtoto yuko mapajani kwake. Mimi nimejificha jikoni. Simba nisingemwogopa hivi.

Nikueleze tangu mwanzo, maana uliondoka kabla hujaona nilichofanya.

Unaijua mila yetu. Mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawapeani mkono, jina halitajwi, mpaka mkwe alete kuku wa kumfungua mama kinywa. Nyie mlioana huko huko Norwei, kuku gani angepanda ndege? Ukaniambia Krismasi mama, Krismasi ataleta. Krismasi ikapita, ikaja nyingine, na ya tatu, mpaka nikaacha kuhesabu, kuku hakuna. Mkija, yeye anakaa mbele na wanaume, mimi nyuma na masufuria, na wewe unapeleka maneno yangu mbele na kurudisha yake nyuma, unacheka, unasema mnanichosha miguu. Hukumweleza hata siku moja kwa nini simtazami. Ulisema Mzungu hataelewa, tumwache tu. Huo ulikuwa uvivu, Atu. Mwalimu mzima!

Siku ya kukuzika akanifuata. Alitoka kwenye kaburi, uso umemvimba, akaninyooshea mkono mbele ya watu wote. Na mimi nikafanya nilivyofundishwa na mama yangu. Nikajifunika chitenge usoni, nikamgeuzia mgongo, nikazunguka nyuma ya nyumba. Mkono wake ukabaki hewani. Wanyiha wote waliokuwepo waliona mwanamke mwenye heshima. Yeye aliona nini? Hilo sikujiuliza.

Akaniachia mtoto wenu Mariti, akasema kupitia kwa mchungaji kwamba anarudi kwao kutafuta kazi na nyumba, kwa sasa hana akili ya kulea. Nikampokea mtoto kwa mikono miwili. Anakula ugali na maharage, anachuma kahawa iliyoiva na mbichi anaiacha, ana miaka tisa na anawajibu wakubwa kama wewe ulivyokuwa. Kinorwei hana wa kuongea naye, kwa hiyo anaongea na ndama. Nilimuuliza ndama anaelewa? Akasema, "Bibi, huyu ni mgeni, bado anaanza."

Juma kabla ya lililopita baba yake akapiga simu. Waliongea, mimi nachambua maharage. Simu ilipokatika mtoto akaja kunisimamia mbele, mikono kiunoni. "Bibi, kwa nini unamchukia baba?" Nikasema nani kasema. "Baba anasema siku ya mazishi ulimgeuzia mgongo, kwa sababu unaona yeye ndiye aliyeshindwa kukuponyea mwanao alipougua. Anakuja kunichukua. Anasema hatutakusumbua tena."

Hatutakusumbua tena. Atu, maharage yote yalimwagika.

Sikulala vizuri tangu hapo. Mtoto kwenda kwa baba yake si kosa, ni baba yake. Lakini aende na asirudi, akue huko akijua bibi yake aliwakataa, siku moja apite mjini hata jina la Ihanda halikumbuki? Niliogopa mpaka nikawa nasahau chumvi. Na wa kupeleka maneno mbele hayupo. Kumtuma Mariti sikuweza, maana utambebeshaje mtoto maneno yanayomhusu yeye mwenyewe. Mchungaji naye angeyarefusha yakawa mahubiri.

Ndipo nikakumbuka shule yako.

Unakumbuka siku uliponiambia kazi yako? Tulikuwa tunaanika kahawa. Nikakaa chini kabisa. Msichana wa Ihanda aliyekwenda Mbeya kulea watoto wa Wanorwei, akaokota lugha kwa watoto wale, leo anawafundisha Wanorwei Kinorwei, katika shule ya mataifa yote huko Arusha! Nikakuuliza, kwani wao wenyewe hawakijui? Ukasema una makundi mawili. Wenyeji, waliozaliwa nacho, wanaongea bila kupumua lakini ukiwaambia waandikie bibi zao barua wanatafuna kalamu. Na wageni, watoto kutoka kila mahali, ambao baba zao wanakwenda kufanya kazi Norwei, wanakaa nyuma wameinamisha vichwa. Ukaniambia na yule mama wa Kinorwei aliyekuja kukaa darasani siku nzima akukague, kwa sababu hakuamini. Mwisho wa muhula mwanawe akamwandikia bibi yake kurasa mbili, na mama yule akakuletea keki. Ulisema keki ilikuwa ngumu kama tofali ukaila yote.

Na ukaniambia sheria zako mbili. Ya kwanza, mgeni haanzi na salamu. Salamu atazipata njiani. Anaanza na lile jambo analoogopa kulisema. Kuna katoto ka Kikorea ambako sentensi yake ya kwanza ilikuwa nataka kurudi nyumbani, na kalipoisema tu kakaacha kulia. Ya pili, mwenyeji akimcheka mgeni, anasimama na kusema sentensi ile ile kwa lugha ya mgeni, mbele ya wote.

Nikamwita Mariti. Nikamwambia leo wewe ni mwenyeji, mimi ni mgeni, nifundishe sentensi moja: sijakukasirikia. Akanitazama sana. Hakuuliza ya nani. Akachukua mkaa, Atu. Mkaa, kwenye sakafu ile ile.

Yai ar ikke sint po dai.

Eti mimi kwao ni yai. Watu gani wanaojiita yai? Nilicheka, nikakosea, akanicheka na yeye. Nikamwambia haya, sheria ya mama yako, simama, sema kwa Kinyiha. Akasimama akajiumauma, ulimi ukamgoma, tukawa sawa. Siku tisa nimeisema sentensi hiyo. Nikipalilia. Nikisaga. Nimeisema kwenye gari kutoka Tunduma katikati ya wafanyabiashara wa Zambia, mmoja akaniuliza, "Mayo, mama, unasali?" Nikamwambia ndiyo.

Leo mchana mume wako akaja, na sanduku moja tu. Safari zote huja na masanduku matatu. Nilipoliona nikajua hakuja kukaa. Nikasikia sauti yake, na sentensi yote ikatoka kichwani kama maji kwenye chekeche. Ndiyo maana niko hapa jikoni nakuandikia wewe badala ya kwenda.

Naogopa nikifungua kinywa bila kuku nimekuvunjia heshima kaburini. Naogopa nisipofungua nimempoteza mtoto. Njoo unisimamie nyuma, japo mara hii moja. Huji?

Haya. Nakwenda hivyo hivyo.

*

Nimerudi. Chai imepoa, nimeinywa ilivyo.

Nilimkamata yule jogoo mwekundu. Nikaingia chumba cha mbele, macho chini, nikamwekea jogoo mikononi. Akashtuka, manyoya yakaruka, maskini hajui hata kumshika kuku, akamkumbatia kama mtoto mchanga. Nikamwambia Mariti, mwambie baba yako sasa anipe mimi. Mtoto akasema. Yeye akanipa. Basi, kuku wa mkwe ameletwa. Kama wazee huko wana neno, waambie waje waniulize mimi, wasikusumbue wewe.

Nikainua macho. Atu, sikujua ana macho ya kijivu. Miaka yote ile.

Sentensi haikuja. Lilikuja yai peke yake. Nikasema yai, nikasema yai tena, jogoo ananipiga mabawa. Mariti akaziba mdomo kwa viganja viwili asicheke. Halafu ikatoka yote, imepindapinda, lakini yote. Yai ar ikke sint po dai.

Mwanaume yule mrefu akakaa chini sakafuni. Alilia kwa sauti, kama sisi. Mtoto akamweleza habari ya mila, ya mgongo, ya kuku, kwa lugha yao, haraka haraka, na yeye anatikisa kichwa, anatikisa kichwa. Kisha akaniangalia akasema kwa Kiswahili chake kile cha kuvunjika, "Mama. Mimi naogopa. Peke yangu na mtoto, naogopa." Na yeye hakuanza na salamu, Atu. Ulimfundisha nyumbani bila mimi kujua?

Wanaondoka Jumatatu. Tiketi zilishakatwa na nyumba imepatikana. Amesema Krismasi atamleta, na kila Jumapili simu, mtoto aongee Kinyiha na mimi asikisahau. Amesema akiwa ameshika mkono wangu. Namwamini, na bado naogopa. Norwei ni mbali, na mtoto wa miaka tisa anasahau upesi. Atakuwa mwenyeji wa huko, na kwangu atakuwa mgeni. Siku akiwa mgeni nitamfundisha upya, kwa mkaa, hilo nakuahidi mbele ya kaburi lako. Na sakafu ya jiko sitaitia saruji, hata wakinipa bure.

Lala, mwanangu. Nimekuwekea maua ya mibuni leo asubuhi, yamechanua mwaka huu kama theluji ile uliyonionyesha kwenye picha.

Ila ujue sijakusamehe hiyo miezi saba. Ukija ndotoni safari hii usije mikono mitupu. Niletee sentensi ya pili, ile ya kumwambia mtu amrudishe mtoto kama alivyosema. Nitamkie polepole, mara tatu. Na ukinicheka, utasimama useme kwa Kinyiha.

Mama yako.