Orodha ya Walioomba Kutoka

Sofia, Busia
Jumapili, 9 Machi 2025

Kwa kaka yangu mpendwa Emoit,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, na za mama pia, ambaye sasa hivi yuko nje anachambua maharagwe ya mbegu huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti ile ile unayoijua. Sisi ni wazima. Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi na kila mtu hapa anatafuta jembe lake. Natumaini wewe, wifi Justine na watoto hamjambo huko Merikit. Nimesema natumaini, sikuuliza. Mbele utaelewa kwa nini.

Najua ulichoniambia. Baada ya mazishi ya baba uliniomba nisikupigie simu wala kukutumia ujumbe, ukasema ukiwa tayari utanitafuta mwenyewe. Sasa ni mwaka na miezi minne. Naogopa barua hii ndiyo itakayokufanya usinitafute kamwe, lakini kuna jambo lazima ulijue, na ukishalijua nitanyamaza. Nivumilie nianze na habari za kazini, maana macho yangu yalifunguka huko.

Unajua niko kwenye lile duka la mbegu na dawa za mifugo, lenye tawi moja huku Uganda na jingine ng'ambo, Busia ya Kenya. Kazi yangu ni kuandika barua pepe zinazokwenda kwa wateja: makatibu wa vikundi vya wakulima, walimu wanaofuga, wenye maduka ya vijijini. Tunawaambia mbegu gani zimefika na chanjo gani imeshuka bei. Chini ya kila barua kuna maandishi madogo yanayosema kwamba asiyetaka tena abonyeze hapo. Sasa hapo, kaka, ndipo nilipoonyesha ufundi wangu. Aliyebonyeza alikutana na maswali saba. Kwa nini unatuacha? Nani amekuudhi? Ungependa tukuandikie mara chache zaidi? Akiyamaliza yote anatakiwa aweke neno la siri ambalo hakuwahi kupewa. Hayo maswali niliyatunga mimi. Sikuwa na nia mbaya, nilitaka tu kujua. Si wewe mwenyewe uliyekuwa ukisema nauliza kuliko maafisa wa forodha?

Meneja wetu, Hudson, aliyapenda sana, kwa sababu hakuna mteja aliyefika mwisho na orodha yetu ilizidi kunenepa. Wengine walijibu barua zetu wakiomba kutolewa, lakini majibu hayo yaliingia kwenye sanduku ambalo hakuna mtu aliyelifungua. Mwishowe watu walichoka, wakaanza kuziripoti barua zetu kuwa takataka. Mwezi uliopita tukatangaza kwamba mbegu ya maharagwe imefika, na mitambo ya barua pepe ikalipeleka tangazo moja kwa moja kwenye takataka, hata kwa wale waliokuwa wakilisubiri kwa hamu. Hudson akaniita ofisini. Alisema ananipa wiki mbili, na barua zikiendelea kutupwa, atatafuta mwandishi mwingine.

Basi nikalifungua lile sanduku. Nilikuta maombi sitini na moja. Aliyenigusa zaidi ni mama mmoja wa Buhehe, jina lake Taaka, ambaye alikuwa ameandika mara nne. Barua ya kwanza ilikuwa na salamu na baraka za Mungu. Ya pili ilikuwa na salamu tu. Ya tatu haikuwa na salamu. Ya nne ilikuwa neno moja kwa herufi kubwa: NITOENI. Niliona aibu. Jumatatu asubuhi nikamtoa yeye kabla ya wengine wote, kwa mkono wangu mwenyewe. Ijumaa akaandika mara ya tano, kwamba barua yetu nyingine imemfikia.

Hapo udadisi ukanipanda kichwani. Nilitaka kujua barua anaipata wapi, na zaidi ya hayo nilitaka kujua tulimkosea nini. Jumamosi nikanunua sukari kilo mbili, nikapanda bodaboda mpaka Buhehe.

Alinipokea vizuri, akapokea na sukari, akaweka chai jikoni. Uani kwake kuna banda kubwa la kuku, wavu bado unang'aa, lakini ndani hamna kuku hata mmoja. Limejaa mihogo mikavu. Macho yangu yalikwama pale na nadhani aliniona. Nikamweleza ninatoka wapi, nikamwomba aniambie kwa nini anatukimbia. Akaniambia kwa Kiswahili chetu cha huku, "Mimi nilisema toa jina. Sikusema kuja kuuliza. Sasa barua nakataa, wewe nakuja na miguu?"

Kaka, kwa siku nyingine ningecheka. Siku hiyo nilitazama chini kama mtoto aliyekamatwa na kipande cha nyama. Mama Taaka hakuwa na hasira. Alinimiminia chai, akanipa simu yake nijionee mwenyewe, na hapo nikaona barua ya Ijumaa haikutoka kwangu. Ilitoka tawi la Kenya. Nilimaliza chai, nikamwomba radhi, nikaondoka. Mpaka leo sijui kuku wake walikwenda wapi. Naapa, sijawahi kufanya kazi ngumu kama ile ya kutoka uani kwake bila kuuliza.

Nilivuka mpaka siku hiyo hiyo kumtafuta Wanjala, mwenzangu wa tawi la pili. Unajua wateja wetu walivyo: wiki hii bei ni nzuri huku, wiki ijayo wako kule, kwa hiyo wamejiandikisha pande zote mbili, kama vile kila mtu hapa alivyo na laini mbili za simu. Wanjala alinicheka. Aliniuliza, "Madam, wewe umemtoa Uganda. Kenya itajuaje?" Halafu akanionyesha jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kila mwisho wa mwezi huwa tunanakili upya daftari la wateja lililo mezani dukani, na yule tuliyemfuta anarudi kwenye orodha kama mgeni wa jana.

Tulikaa chini tukaandika orodha moja kwa ajili ya pande zote mbili, ya walioomba kutoka. Humo majina hayafutwi. Kabla barua yoyote haijaondoka, tunapita kwanza kwenye orodha hiyo ili tujue nani asiguswe. Wanjala aliona ajabu kwamba ili usimsumbue mtu ni lazima ulikumbuke jina lake. Mimi sikuona ajabu, maana nilikuwa nimeanza kukufikiria wewe.

Maswali yangu saba nimeyaondoa, na neno la siri pia. Siku hizi mtu akibonyeza mara moja ametoka, na anayejibu barua akiomba kutolewa naye anatolewa siku hiyo hiyo. Anapata ujumbe mmoja mfupi wa kumwambia kwamba ametolewa, hakuna kumbembeleza, na huo ndio wa mwisho. Wiki ya kwanza walitoka watu mia mbili na kumi na wanne. Hudson alishika kichwa kwa mikono miwili. Lakini barua iliyofuata ya maharagwe iliwafikia waliobaki, wakaanza kujibu na kuagiza, na tangu hapo Hudson hajataja tena mwandishi mwingine.

Sasa nimefika pale ninapoogopa.

Ulipoizuia namba yangu ya Uganda isikufikie, nilivuka ng'ambo nikanunua laini ya Kenya. Kile Kikundi cha Maombi ya Asubuhi kinachokutumia aya ya Biblia kila siku saa kumi na mbili, kisha kukuuliza kama kuna jambo moyoni ungependa kulisema, hakipo, Emoit. Hakuna kikundi. Ni mimi peke yangu, nimekaa kitandani na simu mkononi, natafuta sababu yako kwa jina la Mungu. Mwezi wa nane ulijibu kwa upole, ukawasalimu hao wanamaombi, ukasema hujui namba yako waliipata wapi na ukaomba wakutoe. Nikakujibu: Asante kwa kuwa nasi, ubarikiwe. Mwezi wa kumi na moja uliomba tena, bila salamu. Asubuhi yake nikakutumia Zaburi.

Nilipokuwa nasoma barua za mama Taaka na kuona salamu zinavyopungua, nilijua nimewahi kuzisoma kwenye simu yangu mwenyewe. Nilimtoa yeye kwa sababu kazi yangu ilikuwa hatarini. Wewe nilikuacha uendelee kuomba. Nimejisikia vibaya kuliko ninavyoweza kuandika. Nisamehe, kaka.

Nilitaka sana kujua nilikukosea nini siku ile ya mazishi. Bado nataka, nisikudanganye. Lakini ulichoomba ni kuachwa, na hukutakiwa kujaza maswali saba kwanza. Kwa hiyo sikuulizi.

Laini ya Kenya imo ndani ya bahasha hii, nimeifunga kwa karatasi ndogo ili isipotee. Sina nyingine usiyoijua. Mama ana simu yake, na mnayozungumza ni yenu wawili, sitamchokonoa tena. Nasi tuendelee kuombeana uzima, kila mmoja kwake. Msalimie wifi na uwabusu watoto, au usiwaambie kama niliandika, utakavyoona wewe.

Barua hii anakuletea Ekwaro, jirani yetu anayeuza dagaa kwenye soko la Merikit. Nimemwambia akishakukabidhi aondoke, asisubiri jibu.

Umetolewa, kaka. Jina lako ninalo.

Mdogo wako akupendaye,
Atai