Boti Inakauka Bila Tone

Maman Firmin,

Sombe iko kwenye sufuria. Usifagie mbele ya saa sita, vumbi lisishike rangi: boti yangu ndogo iko inakauka juu ya meza, na mwalimu wa masomo ya jioni ataipima leo kwa mtihani wangu wa kupaka rangi. Ikianguka, narudia mwaka.

Jana ulinicheka: "Papa, unapaka boti rangi ao unapulizia mustiki dawa ya mbu?" Ulisema kweli. Nilifumba macho kusali huku kidole kinabonyeza pistole ya kupulizia rangi, na rangi ikachuruzika.

Asubuhi hii nimezimua rangi mpaka ikawa nyepesi kama maziwa. Nimejaza upepo wa kusukuma pistole katika mpira wa ndani wa tairi ya lori, nimesali, nimesema Amina, ndipo nikabonyeza. Hakuna tone lililochuruzika! Bwana asifiwe.

~~Usiiguse.~~ Wewe uliyecheka ndiwe utaibeba jioni mpaka mbele ya mwalimu. Vaa kitenge kipya.

Papa Firmin, mwanafunzi