Nataka Kwenda Kusemwa Badala ya Binti Yangu

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na unisamehe mwandiko maana shule niliiacha mapema. Binti yangu wa pekee yuko chuo mwaka wa mwisho, anasomea kutengeneza programu za kompyuta, na mwalimu aliwaweka wanne watengeneze programu ya kupanga foleni ya wagonjwa zahanati, kila mtu na kipande chake, halafu vyote viunganishwe viwe kitu kimoja, sasa huyu wangu ana kichwa chepesi lakini subira hana, akaona kipande cha mwenzake, msichana mmoja mpole ambaye huja hapa nyumbani, kinakwenda polepole, akakifuta chote akaandika cha kwake bila kumwambia mtu, kumbe vipande vya wengine vilikuwa vinakiegemea hicho, basi siku ya kumwonyesha mwalimu programu ikagoma mbele ya darasa zima, wakasimama pale kama kuku walionyeshewa mvua.

Wenzake hawakumfukuza kundini, mshauri, ndilo linaloniuma. Wamesema atarudi akikubali kukaa nao, kila mmoja amwambie alivyomkosea, naye asikilize bila kujibu mpaka wamalize. Ndio utaratibu wao, wote wameshasemwa isipokuwa yeye. Mwisho ni Ijumaa, na asiye na kundi anarudia mwaka. Nimembembeleza mpaka sauti imenikauka. Ananijibu, "Mama, siwezi kukaa nisomewe makosa na watu niliokuwa nawabeba," kisha anageukia ukutani. Chakula hagusi, shingo imebaki kama bua.

Nami nimewaza, usinicheke, niende mimi. Nimeshamwuliza yule mpole wanakutana chumba gani, akanitazama, akasema, "Njoo ukitaka, mama, lakini..." hakumalizia. Nitakaa kwenye kiti cha mwanangu, waniseme mimi mpaka roho zao zitulie, mimi kusemwa nimezoea, halafu wamrudishe. Je, nitakosea?

Mama Mwenye Hofu

JIBU

Pole sana, mama. Sikucheki, ila kiti hicho si chako. Utakwenda, utalia, wale vijana watakuonea huruma, watameza yote waliyotaka kusema na kukusindikiza mpaka njiani. Binti yako atabaki vilevile, na aibu juu yake. Yule mpole alikuwa anakwambia hilohilo, adabu ndiyo iliyomkatisha.

Na tusidanganyane. Umeniandikia ana kichwa chepesi, hana subira, amekonda. Kwamba alimkosea mwenzake, hujaandika popote. Aling'oa figa la mtu na kuweka lake chungu kikiwa motoni, kikamwagika, na wewe unahesabu anavyokonda. Umemkinga na kila upepo, sasa maneno ya watu watatu yanamlaza kitandani.

Acha kumbembeleza. Ingia chumbani kwake leo, ukae, umwambie: "Mwanangu, ulimkosea yule msichana." Usiongeze "lakini," wala usimpe pole. Akufoke, akununie, usiondoke. Akinyamaza, mwambie aanze kwa kwenda kwa yule mpole peke yake kabla ya Ijumaa, amwombe radhi na amuulize kipande chake kitarudishwaje.

Siwezi kukuahidi kitu. Huenda asiende, na mwaka upotee ukiutazama. Uache upotee. Mwakani atapewa wenzake wengine, na kazi yao nayo ataifuta, kama hadi wakati huo hakuna aliyewahi kumwambia kosa lake akabaki amekaa naye. Wale watatu walikuwa tayari kufanya hivyo. Watu wa namna hiyo hawapatikani kila mwaka.