Watalii Wanaotazama Chini

Jumatatu, 3 Juni

Leo mume wangu, Bwana Udongo, kafunga kompyuta. Kwa kishindo! Nilikuwa jikoni nakausha sufuria, nikadhani dari limeshuka. Kumbe ni kitabu kimekwisha. Mwaka mzima wa sabatiko – chuo kinamlipa asifundishe, akae aandike habari za mmomonyoko wa udongo – umeishia kwenye kishindo hicho.

Akaja akasimama mlangoni, suruali ya kulalia imefanya magoti. Mama Pacha, anasema, mwaka mzima tumekaa mji huu na hatujaona kitu. Nikamwuliza nani hajaona. Hakusikia. Kesha­chukua ramani na kalamu nyekundu: makumbusho, ziwa, ngome, mapango, mlima. Jumamosi ya wiki ijayo tunapanda ndege kurudi nyumbani. Kabla ya hapo, anasema, tutalii kama watu.

Nimecheka. Lakini si kicheko chote. Nina neno la kumwambia.

Kesho.

Jumanne, 4 Juni

Sikumwambia. Tulikuwa makumbusho, na makumbusho kulikuwa na kazi nyingine.

Mtembezaji wetu ni mama mmoja mwenye filimbi shingoni. Akipuliza, kundi zima linahamia chumba kingine. Sisi hatukuhama. Bwana Udongo alikuwa kapiga magoti mbele ya mtungi wa kale. Mtungi wenyewe hana habari nao! Anaangalia tope lililoganda kwenye kitako. Na mimi? Mimi nimegandisha pua kwenye kioo cha buti za askari wa zamani, nafuata mshono wa soli. Mshono wa mara mbili, uzi wa nta. Kazi ya mtu mwenye subira.

Tulipoinua vichwa, hakuna mtu. Mlango umefungwa – wamekwenda kula.

Alipokuja mlinzi akauliza tunatafuta nini humo ndani. Mwenzangu akasema udongo. Papo hapo mimi nikasema viatu. Mlinzi akatutazama mmoja mmoja, akaenda kumwita mkubwa wake.

Sasa hii habari ya viatu. Chini ya nyumba tuliyopanga kuna karakana ya mwanamke anayeshona viatu vya ngozi kwa mkono. Mwezi wetu wa kwanza hapa nilimpelekea kiatu kilichoachia soli. Nikakaa nikamtazama. Siku ya pili nikarudi bila kiatu. Tangu hapo, Bwana Udongo akikaa na kitabu chake, mimi hushuka kwa Fundi. Nimejifunza kukata ngozi, kuivuta juu ya kalibu, ule mguu wa mbao, kuipunguza kingo isikunjike. Mikono iliyohesabu noti za benki mpaka kustaafu, sasa ina sugu za sindano. Nazipenda sugu zangu!

Mwenzangu anaita huko kwenda kupiga soga.

Juzi Fundi kaniambia: dada, nipe miezi mitatu zaidi, nikufikishe kwenye buti. Ukiweza buti, umemaliza. Chumba cha juu ya karakana kiko wazi.

Neno lenyewe ndilo hilo.

Alhamisi, 6 Juni

Ziwa! Mbavu bado zinaniuma.

Tulikodi kile kiboti cha kukanyaga pedeli, chenye umbo la bata. Kila mtu na pedeli zake. Bwana Udongo anakanyaga kama anafukuzwa, mimi nakanyaga kama mtu mwenye akili. Bata akazunguka. Akazunguka tena. Namwambia punguza, ananiambia ongeza. Ndoa yetu nzima iko hapo.

Watoto ufukoni wakaanza kupiga makofi. Mmoja akapaza sauti: Babu, nyoosha! Basi hapo ndipo alipoumia. Si kuzunguka. "Babu!" Akageuka kuona ni nani, miwani ikachomoka, ikaingia majini. Tukatazamana – yaani mimi nikamtazama, yeye alitazama mahali fulani jirani na sikio langu – tukaanza kucheka. Tulicheka mpaka mwenye viboti akaja kutuvuta kwa kamba kama ng'ombe.

Nikamshika mkono njia nzima mpaka nyumbani. Watu wanatupisha, wanatabasamu. Wanadhani mapenzi. Na labda.

Nilitaka kumwambia tukiwa njiani. Lakini habari kama hiyo humwambii mtu asiyeona uso wako.

Ijumaa, 7 Juni

Siku yote kwa daktari wa macho. Miwani mipya. Kaivaa, kanitazama, kasema: Una mvi!

Nina mvi tangu mapacha wamalize shule.

Jumapili, 9 Juni

Ngome. Ngazi nyingi, upepo mwingi. Mtembezaji akasema inueni macho muone mnara. Wote wakainua isipokuwa wawili. Bwana Udongo kaona ufa kwenye msingi, anasema udongo wa huku unavimba mvua ikinyesha. Mimi nimeona bibi harusi wa fungate kavaa viatu vya kisigino kirefu juu ya mawe, nikamwonea huruma ya kitaalamu.

Mpiga picha wa pale akatupanga ukutani. Sogeeni. Sogeeni zaidi. Mzee, mwekee mama mkono begani. Picha imetoka nzuri sana, ila sote tunatazama miguu ya mpiga picha.

Kisha tukakaa kwenye benchi tule mayai ya kuchemsha niliyobeba. Akaanza kupanga. Tukifika nyumbani tutapaka ukuta rangi. Tutafuga kuku, banda litakaa nyuma ya tangi. Wewe utasimamia kuku, anasema, ili usichoke kukaa bure.

Kukaa bure!

Yai likanikwama. Akanipiga mgongoni, akanipa maji, akaendelea na kuku. Si mtu mbaya. Ni mtu mwema sana asiyeuliza. Angeuliza hata mara moja – leo umeshona nini? – ningemwambia yote mwezi wa kwanza.

Jioni nikampigia binti yetu, yule pacha wa kwanza kuzaliwa. Yeye anajua. Akaniambia, mama, baba hana meno ya kukutafuna. Nikamwambia simwogopi kunitafuna. Naogopa atasema sawa, halafu aende akakae peke yake mezani na kikombe kimoja.

Binti akasema, lakini mwambie.

Jumatatu, 10 Juni

Basi tulilopanda halikuwa la mapango. Tulishuka mwisho wa njia: kiwanda cha matofali. Nikakasirika. Nageuka nimwone mwenzangu – uso umeng'aa kama wa mtu aliyeshuka peponi! Milima ya udongo, mwekundu, wa kijivu, wa njano. Msimamizi akamzungusha kiwanda kizima. Mimi nikakaa juu ya rundo la matofali, nikamtazama akifinyanga kibonge kiganjani na kukinusa. Nilimpenda kwa ajili ya hiyo pua yake, zamani. Nilikuwa nimesahau.

Nikajiuliza: je, mimi nikinusa ngozi mpya, nani amewahi kukaa akanitazama?

Jumanne, 11 Juni

Balaa limenipita kwa unywele.

Asubuhi Bwana Udongo kaamka na heshima zake. Lazima twende tukamuage Fundi, anasema, kakuvumilia mwaka mzima. Nikasema yuko na kazi. Akasema kuaga hakuchukui muda. Keshavaa soksi.

Fundi kampokea vizuri, karibu shemeji, kiti hiki hapa. Kisha akanigeukia mimi, mikono kiunoni:

"Bado?"

"Bado nini?" Mwenzangu huyo.

"Bado chai," nikasema. "Hatujanywa chai."

Ikabidi tunywe, na nyumbani tulishakunywa vikombe viwili viwili. Fundi ananitazama juu ya kikombe kama mwalimu wa dini. Bwana Udongo akaona kiatu kwenye kalibu, cha kahawia, kisigino bado. Akakichukua. Akakigeuza. Akasema kazi safi sana hii, Fundi, mkono wako ni dhahabu.

Fundi akasema, si mkono wangu huo.

Mwenzangu akanitazama. Akakitazama kiatu. Akakirudisha mezani taratibu, kwa mikono miwili, kama kitu kinachopumua.

Tulipopanda ngazi hakusema kuku wala rangi.

Jumatano, 12 Juni

Naandikia hewani. Si mzaha!

Gari la kamba – kile kisanduku cha vioo kinachopandisha watu mlimani kwa waya – limesimama katikati. Chini miti, juu mwamba, na sisi hatuko kokote. Humu ndani tuko watatu: mimi, Bwana Udongo, na bibi mmoja mwenye kikapu cha sufu, anafuma soksi kama yuko sebuleni kwake. Spika imesema tutulie, mtambo unashughulikiwa.

Na ubaya ni kwamba nilikuwa ndiyo nimetoka kumwambia!

Sikupanga. Alikuwa ananionyesha kwa kidole matabaka ya udongo wa mlima, akasema tukifika nyumbani nitakuonyesha mazuri kuliko haya. Likanitoka.

"Mimi sirudi Jumamosi. Nabaki miezi mitatu kwa Fundi. Nataka kushona buti."

Kisanduku kikatikisika, kikasimama. Akanitazama kama mimi ndiye niliyekizima.

Nyumbani akiudhika hutoka akaizunguka nyumba mpaka apoe. Hapa atazunguka nini? Anaogopa urefu tangu utoto. Kakumbatia nguzo kwa mikono miwili, kafumba macho. Sindano za bibi tu, ti ti ti. Nikatoa daftari. Ningefanya nini?

Kasema. Kasema tangu tuoane hatujawahi kulala nyumba mbili. Nikamwuliza, na zile semina zako? Akasema semina ni semina.

Akaikumbatia nguzo zaidi.

Kasema, kwa nini hukuniambia mapema. Nikasema, ungeniuliza. Akafumbua macho. Akasema, mimi nilidhani unapiga soga. Nikasema najua ulidhani. Akasema kile kiatu cha jana alikiota usiku.

Bibi, bila kuinua uso, kauliza: Mwanangu, hizo buti zitakuwa za nani?

Nikasema za mtihani zinashonwa kwa mguu wowote utakaopatikana, bibi.

Na kutoka kwenye nguzo, sauti ndogo kabisa:

"Mimi navaa arobaini na tatu. Wa kushoto umezidi kidogo."

"Najua," nikasema. "Nilikupima umesinzia kwenye kochi."

Kageuka. Kanitazama kwa hiyo miwani mipya, kwa muda mrefu. Sijui ni hasira, sijui ni nini. Uso huo sijawahi kuuona, nami nilidhani nimeshaziona nyuso zake zote. Mkono mmoja umeachia nguzo. Mmoja tu.

"Mama Pacha," anasema, "miezi mitatu ni –"

Kisanduku kimeshtuka! Kinakwenda! Bibi anasema tunarudishwa chini, mwenzangu anasema hapana, tunapanda. Wanabishana. Mwandiko wangu umeharibika kwa sababu ule mkono ameuweka juu ya wangu, pamoja na kalamu, na anabana, na bado hajamaliza ile sentensi, na