Mkato Kati ya Mbili na Tano

Jumatatu, 15 Januari

Siku ya kwanza kwenye kiwanda cha uchapaji. Miaka kumi na sita nimeshona soksi, kiwanda cha soksi kikafungwa, na leo mimi ni mwanafunzi tena — kwa umri wa miaka arobaini na moja! Nimepewa koti la bluu lenye jina la mtu mwingine kifuani. Miezi mitatu ya majaribio, halafu wataamua.

Fundi wangu ni mzee wa miaka sitini na tatu. Wote wanamwita bai Metodi, yaani kaka mkubwa Metodi, hata bosi. Kazi ya leo ilikuwa kupepea karatasi: unashika bunda kwenye pembe, unalikunja, unaingiza hewa ili karatasi zisigandane. Nimejikata vidole mara tatu. Gancho wa mashine ya kukatia kacheka: "Mama, hizi si soksi. Karatasi ina meno!"

Jumatano, 17 Januari

Kuosha roli za wino za mashine siku nzima. Harufu ya dawa ya kuoshea imenifuata hadi kwenye supu. Bai Metodi hapigi kelele. Anasema mashine husikilizwa kwanza, kutazamwa baadaye. Nje ukungu wa mto tu, mji wote wa Ruse kama umefunikwa na shuka chafu.

Ijumaa, 26 Januari

Rangi. Bai Metodi ananipa lenzi, ananiwekea karatasi mezani: "Haya dada Zdravka, niambie unaona nini." Nasema nyekundu imehama kidogo. "Upande gani?" Kulia. "Kiasi gani?" Unywele. Anazungusha kitufe. "Na sasa?"

Mwalimu mzuri. Hakupi jibu, anakungoja ulione mwenyewe.

Alhamisi, 8 Februari

Si mwalimu mzuri. Yaani, ni mzuri, lakini sivyo nilivyodhani.

Tulikuwa na lebo za jemu ya cheri. Karatasi ya majaribio ilitoka mbaya — kila herufi na kivuli chake, hata mlevi angeona. Nilinyamaza nisikie atasemaje. Akaweka lenzi, akainama, akakaa muda. "Safi," akasema.

Nikamwambia: bai Metodi, si safi.

Akanivuta nyuma ya marobota. Katikati ya jicho pameingia ukungu, yote mawili, tangu kiangazi. Pembeni anaona. "Wewe nikikutazama usoni naona masikio tu," akasema, akajaribu kucheka. Mkewe hajui. Umebaki mwaka mmoja na miezi minne astaafu. "Usiniseme, dada yangu. Mimi nitakufundisha kila kitu, hadi vile ambavyo sijawahi kumfundisha mtu. Wewe niazime macho."

Nimekubali. Nani mwingine atamfundisha mwanamke wa umri wangu?

Jumatatu, 19 Februari

Nimeendesha mashine peke yangu asubuhi nzima! Katalogi ya vigae. Bai Metodi alisimama nyuma yangu mikono mfukoni, akinong'ona tu: maji yamezidi, punguza, hivyo hivyo. Alijua kwa sauti! Bi Snezhina, bosi, alipita akasema nimeshika kazi haraka. Bai Metodi akajibu, kwa sauti ili wote wasikie, kwamba hajapata mwanafunzi kama mimi kwa miaka ishirini.

Nilirudi nyumbani nikiimba. Halafu nikakumbuka kwa nini ananihitaji, wimbo ukakatika.

Jumanne, 27 Februari

Vikaratasi vya maelezo ya dawa ya kikohozi ya watoto. Elfu kumi na mbili, kwa kiwanda cha dawa. Herufi ndogo kama mchanga.

Kwenye bamba la kuchapia palikuwa na kitone cha uchafu. Bai Metodi akachukua kalamu ya kufutia. "Kiko wapi?" Nikamwonyesha kwa kidole. Gancho akaniita nikamsaidie kuinua karatasi. Niliporudi bamba lilikuwa tayari mashineni, yeye anafuta mikono.

Kisha akanipa karatasi ya kwanza iliyochapwa, ile ya kuidhinisha kazi: "Tia sahihi wewe leo, ujizoeze." Jina langu! Nilisoma kichwa cha habari, nikaangalia rangi, nikatia sahihi. Nilifurahi kama bibi harusi.

Alhamisi, 29 Februari

Mzigo umeondoka. Mguu unauma. Hakuna jipya.

Ijumaa, 1 Machi

Asubuhi wote tumefungana nyuzi nyekundu na nyeupe mkononi, desturi yetu ya kukaribisha machipuko. Gancho kanifungia ya kwangu: "Uwe mweupe na mwekundu, mama, usiwe mweusi kwa wino!"

Mchana nilitandika karatasi mbovu mezani nile. Ilikuwa ya kikaratasi kile cha dawa. Nikasoma huku natafuna. Mtoto wa miaka miwili hadi mitano: mililita 25, mara tatu kwa siku.

Nikaenda kwenye nakala ya mteja. 2,5. Mbili na nusu.

Kile kitone cha uchafu bado kipo, mstari wa chini yake, kimestarehe. Kilichofutwa ni mkato.

Bai Metodi aliposikia alikaa chini juu ya ubao wa mizigo. Akasema kule kwenye dawa wana wakaguzi wao, wataona. Na wasipoona? Akasema Jumapili ni sikukuu ya taifa, Jumatatu kila mahali pamefungwa, nani atapakia? "Jumanne nitasema mwenyewe. Niachie mimi, Zdravka. Naapa."

Nimemwachia. Mungu anisamehe, nimemwachia.

Jumamosi, 2 Machi

Nimepima maji kwa kijiko kidogo. Mililita 25 ni vijiko vitano. Nimevimimina kwenye glasi, nikaitazama hiyo glasi mezani. Mara tatu kwa siku. Tumbo la mtoto wa miaka miwili ni kama ngumi yangu.

Saa tano nikampigia Bi Snezhina. Nikamsomea mistari yote miwili. Akauliza: "Nani mwingine anajua?" Nikasema mimi tu.

Kwa nini nimesema hivyo? Limetoka lenyewe.

Baada ya saa mbili kanipigia yeye. Vikaratasi vingi vimezuiwa. Lakini chupa mia nne zilipakiwa jana asubuhi na kwenda kwenye maduka ya dawa. Wanazitafuta. "Usiende popote," akasema. Niende wapi?

Jumanne, 5 Machi, saa nne asubuhi

Naandika kwenye benchi nje ya ofisi. Ndani wako watu wawili wa kiwanda cha dawa. Chupa mia tatu na sitini na moja zimepatikana. Thelathini na tisa ziko majumbani mwa watu. Habari za mtoto yeyote kuugua hazijaja — bado. Kila simu ikilia ndani, naacha kuandika nisikilize.

Bai Metodi alikuja amevaa suti na viatu vilivyong'arishwa. Nikadhani amekuja kusema. Hajasema. Alisalimia, akaketi kando yangu, bega kwa bega.

Bi Snezhina katoka na ile karatasi niliyotia sahihi. Sahihi ni yangu, hilo tunalijua, akasema. Lakini bamba limeguswa kwa kalamu. "Kalamu aliishika nani? Nikitoka tena nataka jina. Moja tu."

Mlango ukafungwa. Nikamtazama bai Metodi. Anatazama dirishani, midomo inamchezacheza kama mtu anayehesabu. Nikimtaja, amekwisha. Nisipomtaja, nimekwisha mimi — na mashine ile atarudi kuisimamia yeye, na macho yale yale.

Dakika saba zimepita. Sasa hivi ameinamisha kichwa kwangu, akauliza kwa sauti ndogo: "Unaandika nini, dada yangu?"

Nimemjibu, orodha ya vitu vya sokoni.

"Usisahau mkate," akasema, akanipiga-piga mkono taratibu. Daftari liko wazi mapajani mwangu, mbele kabisa ya macho yake, na jina lake liko kila mstari.