Walaji Waliomo Tumboni mwa Bakari

Jumanne, 8 Aprili

Uji tena. Mtama niliouloweka juzi umechacha vizuri, una harufu ya utoto. Ukungu wa Pugu umeshuka mpaka mlangoni pa jiko. Bakari kanywa nusu kikombe, kisha kasinzia palepale kwenye kiti. Tangu mshtuko wa moyo mume wangu amekuwa mtu wa kusinzia. Hospitali walimwekea kijibomba kwenye mshipa wa moyo ili usizibe, wakampa vidonge vya kuzuia damu isigande. Mie wakanipa kazi ya chungu.

Mtaalamu wa lishe alinieleza taratibu. Tumboni mna bakteria wengi mno, nao hula tunachokula. Ukiwapa kunde, mtama na mboga za majani, hutoa vitu vinavyoituliza mishipa. Ukiwapa nyama nyekundu kila siku, hutengeneza kitu ambacho kikishapita kwenye ini huidhuru mishipa hiyo. Bado wanachunguza, alisema. Hakuniahidi muujiza. Ila tangu siku ile nikikoroga chungu nahisi napikia watu wengi.

Ijumaa, 11 Aprili

Wifi Somoe amefika kutoka Lindi. Kabla hajapumzika alishakwenda sokoni kununua nyama ya mbuzi. Supu imechemka mchana kutwa, mafuta yanaelea juu kama miezi midogo. Kaka yao mkubwa alikufa amekonda. Somoe anaamini kilichomuua ni njaa ya hospitali, na huyu wa pili hatakufa hivyo.

Nimeimwaga supu nyuma ya nyumba. Kaniona.

Jumatano, 16 Aprili

Hatusemezani. Akitaka chumvi anamwambia Bakari aniulize. Bakari anacheka, anauliza. Nyumba imekuwa kama iko chini ya maji. Tunapishana polepole, midomo imefumba.

Kunde. Mchicha. Ndizi. Leo papa kidogo, bila nazi. Somoe anakula pembeni, mgongo kwangu.

Namchukia. Pia namwonea huruma. Vyote viwili.

Jumapili, 20 Aprili

Bakari mwepesi. Choo anapata vizuri. Amepanda mpaka barabarani na kurudi bila kuhema. Ameshika tena patasi yake ya uchongaji, akachonga sikio la kinyago cha mwanamke wa mpingo alichokiacha kiziwi tangu augue.

Mchana alijinyoosha mkekani. Nikaweka sikio juu ya tumbo lake. Mle ndani kunanguruma, kunatulia, kunanguruma. Nikawaona bakteria wale wadogo na vijembe vyao, wanapalilia, wanaimba. Nilikaa hapo hadi shavu likafa ganzi.

Bakari akasema rafiki zake wa kijiweni wamemwambia tumbo likipona na moyo umepona. Nikacheka. Sikuuliza zaidi.

Jumatano, 23 Aprili

Asubuhi alishika kifua. Jasho, midomo ya kijivu. Nikaita bajaji. Somoe kampakata kichwa, mie miguu. Njia nzima wanawake wawili tunatazama uso mmoja.

Daktari aliuliza vidonge alimeza mara ya mwisho lini. Bakari akafumba macho. Kumbe wiki nzima hajavimeza. Alijiona mzima. Aliona uji umetosha.

Uji wangu. Nilitaka kumpiga pale kitandani. Nilitaka kulala kando yake.

Kwenye benchi la nje Somoe alikaa mbali, halafu akasogea. Akasema, "Nilikuwa naona vidonge havipungui, wifi. Nikanyamaza kwa sababu hatusemezani."

Mie nisingenyamaza? Sijui. Nilimshika mkono. Ulikuwa baridi kama wangu.

Alhamisi, 24 Aprili

Yu hai. Mshipa ulianza kuziba pale penye kijibomba, wameuwahi, wakauzibua. Daktari kasema chakula kina kazi yake na vidonge vina kazi yake, kimoja hakishiki zamu ya mwenzake. Alisema bila ukali. Bakari alilia kama mtoto. Hata kumfuta machozi nilishindwa, hasira ilikuwa bado haijanitoka. Somoe akamfuta.

Jumatano, 30 Aprili

Tumerudi nyumbani. Vidonge vya asubuhi anampa Somoe, vya jioni nampa mie. Tunamsimamia mpaka ameze, afungue mdomo tuone. Analalamika kuwa ameoa mara mbili.

Somoe kaniuliza mtama unalowekwa muda gani hata uchache. Nikamwonyesha. Naye kanifundisha kutwanga kisamvu kikalainika bila kutegemea nazi. Tulitwanga kwa zamu hadi mikono ikawa ya kijani. Nikamweleza habari za bakteria, akataka kujua kama hata tumboni mwake wamo. Nikamwambia wamo. Akatazama tumbo lake kwa muda mrefu, kwa heshima, kama anayetambulishwa kwa wakwe.

Kaniambia habari za kaka yao. Zote: alivyokonda siku baada ya siku, Somoe kando ya kitanda. Sikujua.

Jumanne, 6 Mei

Somoe kaondoka na basi la alfajiri. Kaacha kanga yake kwenye kiti changu, sijui kasahau au kaniachia.

Nimelala mchana. Sijawahi tangu haya yaanze. Nimeota natembea ndani ya mahali penye joto na giza la kupendeza, watu wadogo wananipisha njia.

Mvua ndiyo iliyoniamsha. Nguo nilizoanika! Nikatoka mbio, kamba ilikuwa tupu. Bakari alikuwa ameketi mlangoni, anapumua taratibu, anatazama maji yanavyoshuka mlimani. Nguo zetu zote zilikuwa mapajani mwake, kavu.