Mwinyi Taratibu wa Simai

Mkunazini, Unguja
20 Agosti, 1970

Dada yangu mpenzi, Da Biasha,

Naanza kwa shikamoo, na nyuma ya shikamoo nauliza mguu wako. Jirani yako aliyetuletea machungwa ya Muheza alisema bado unautia kwenye maji ya moto ya chumvi kila asubuhi, na kwamba shemeji kifua kimempungua na sasa anaweza kwenda msikitini kwa miguu. Tumeshukuru. Sisi huku miili ni mizima. Mdogo wetu Kidawa yumo edani, anakula kidogo na kulala kidogo, lakini ananyanyuka, anaoga, anawafokea watoto wake, na hiyo ni dalili njema. Mwanawe mkubwa kaanza skuli, na viatu vinambana.

Simu ya maandishi niliyokupelekea ilikuwa na maneno machache: Simai kafariki, tushamzika. Barua iliyofuata nayo haikujaza ukurasa. Ukanijibu kwa upole wako, ukaniuliza mazishi yalikuwaje, na nani alikuja, na kwa nini Kidawa amekuandikia kwamba kaka yake amebadilika. Kilichonichelewesha kukujibu ni kuona haya. Nimekaa na kalamu zaidi ya mara moja, nikainuka kwenda kukata kitambaa cha mtu. Leo kitambaa kimekwisha, na nimekaa.

Unajua nilivyokuwa na Simai tangu mwanzo. Siku aliyokuja kumposa Kidawa, marehemu mama akiwa hai, nilimwambia mbele ya wazee aliokuja nao kwamba nyumba hii haijapata kumwozesha binti kwa mtu wa kuchekesha watu. Kazi yake ya mchana ilikuwa kupaka nyumba chokaa, na hiyo sikuidharau. Niliyoidharau ni ile ya jioni, kupanda jukwaani na kikundi chake cha mtaa wa Ng'ambo na kujitia ukichaa mbele ya umma. Mama alikubali kwa sababu Kidawa alikubali. Mimi nikanyamaza, lakini sikupata kwenda kumtazama hata siku moja, na vichekesho vyao vilipoanza kwenye redio, nilizima nikaendelea kushona makanzu yangu. Kila Idi alikuja kunisalimu, akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mgeni, akanitazama kwa makini sana. Nikadhani ni adabu.

Aliugua muda mfupi. Nilikwenda kumtazama hospitali mara moja tu, nikasimama miguuni pa kitanda, nikamwuliza kama anapata choo. Akatabasamu. Baada ya hapo nikapata udhuru, na udhuru ukamaliza uhai wake.

Da Biasha, sijapata kuona watu kama waliokuja kumzika. Nilidhani nitazika fundi chokaa. Kumbe Kikwajuni nzima ilikuwa imefunga milango, na wachukuzi wa bandarini waliacha meli ikae na shehena yake. Jeneza nililishika mara moja tu, likanitoka mkononi likaenda zake juu ya vichwa vya watu nisiowajua, na watu hao walikuwa wakilia.

Siku ya tatu tulisoma khitma nyumbani kwake. Dua ilisomwa, wali ukaliwa, masheikh wakaondoka, na mimi nikangoja wengine nao waondoke. Hawakuondoka. Walibaki uani na vikombe vyao vya kahawa, wakaanza kumkumbuka. Mzee mmoja wa Chukwani alisema alikuwa akienda kwa jirani kuomba asikilize redio kila kipindi cha Simai kilipofika, hata jirani aliyegombana naye shauri ya mpaka, na ugomvi wao uliishia hapo. Mtu mwingine alikuwa ametoka Bwejuu na mkewe kwa gari la mizigo. Alieleza kwamba kikundi kilipofika kwao, mkewe alikuwa hajacheka tangu amzike mwanawe. Usiku ule alicheka, akalia, akarudi nyumbani akapika. Mtu huyo hakuwa msemaji. Alieleza hivyo akakaa.

Wote walikuwa wakimtaja mtu mmoja, Mwinyi Taratibu. Ndiye aliyekuwa akiigizwa na Simai, nao walizungumza habari zake kama za mtu anayekaa mtaani. Ndipo akainuka mchukuzi mmoja aitwaye Mjaka, mtu wa mabega mapana kama mlango, akawaomba wazee radhi. Akasema hawezi kurudi kwake bila ya kumwona Mwinyi Taratibu walau mara moja.

Akakishika kikoi chake kwa vidole viwili kila upande, akakinyanyua kisiguse vumbi. Akaizungusha shingo kama mtu ambaye kola inamwasha. Akajikohoza. Akasema: "Mimi si mtu wa mzaha."

Ua mzima ukaangua kicheko. Kisha akamwendea muuza pweza wa Forodhani, ambaye hakuwapo ila sote tulimwona. "Kwanza pangusa ubao," akamwambia. "Kisha kisu. Kisha mikono. Sasa nikatie, na usinikatie kwa hasira."

Na mimi nikacheka, Da Biasha. Nilicheka hadi machozi yakanilenga. Nikamwambia Msabah, jirani yetu wa Mkunazini aliyekaa ubavuni pangu, kwamba mtu huyu nshawahi kumwona mahali. Msabah akainamia kikombe chake.

Mjaka akaendelea. Sasa Mwinyi Taratibu alikuwa amekaa na kijana aliyekuja kuposa. Akamtazama kijana kuanzia miguuni, akajikohoza tena, akasema: "Nyumba hii haijapata kumwozesha binti kwa mtu wa kuchekesha watu."

Ilikuwa neno kwa neno. Hata pale nilipovuta pumzi, alivuta. Nikatazama chini nikaona vidole vyangu viwili vimeshika upindo wa kanzu yangu, vimeunyanyua usiguse jamvi. Watu wa Ng'ambo na wa mashamba walikuwa wakicheka, kwa kuwa hawakunijua. Watu wa Mkunazini walikuwa wameinamisha macho, na kwa hivyo nikajua kwamba wao wamejua siku zote. Katika barua yangu ya Mfunguo Mosi nilikwambia kwa fahari kwamba siku hizi vijana njiani wananiita Mwinyi Taratibu kwa kunistahi; hata pale uani nilipolisikia jina lile nilidhani limesadifu tu. Barua hiyo nakuomba uichane.

Nikainuka, nikaingia ndani kwa Kidawa. Hapa ndipo ninapoona haya kukuandikia. Alikuwa amekaa kitini kwake na kaniki yake, macho yamemvimba, na wanawake wa mtaa wamemzunguka. Waliponiona uso wangu wakatupisha. Sikumuuliza hali. Nilimwambia dada yangu mwenye eda ya siku tatu kwamba mumewe kanifanya kichekesho cha kisiwa kizima, na kwamba yeye, nimpendaye, alikuwa akikaa mbele na kucheka.

Hakunyanyua sauti. Aliniuliza: "Kaka, hukupata kwenda hata siku moja?"

Nikasema sikwenda.

"Basi huujui mwisho wake."

Akanieleza. Akasema mchezo ulikuwa ukibadilika kila mara, lakini mwisho wake haukubadilika, maana watu wasingekubali. Mwisho wake ni zile siku za mapinduzi, mji umefungwa, na dada wa Mwinyi Taratibu amejifungua upande wa pili wa mji na hana chakula. Mwinyi Taratibu anatoka na sufuria ya uji wa pilipili manga iliyofungwa kitambaa. Anapita njia tupu, kanzu kainyanyua kwa vidole viwili, sufuria mkono wa pili, na kila anayemsimamisha anamwambia kwamba yeye si mtu wa mzaha, apishwe, uji unapoa. Watu hucheka hapo mpaka wanashika mbavu. Kisha anafika, anaukabidhi uji mzima, hakuna tone lililomwagika, anakaa kizingitini na mgongo wake kauelekeza ndani, anautazama mtaa mpaka dada yake amalize kula. Kidawa akaniambia hapo watu wote walikuwa wakilia, na Simai mwenyewe alirudi nyuma ya pazia kila mara na macho mekundu.

"Alikuwa akiniambia kwamba ndugu zake yeye walijificha, na hakuwalaumu," alisema Kidawa. "Lakini akisema, kaka yako kaja. Kachukia, kanuna, kanzu kaishika juu, lakini kaja."

Nikakaa chini mbele yake. Nje Msabah alikuwa akiniita, kwa sababu watu sasa walitaka kuaga, na mkubwa aliyebaki pale wa kutoa shukrani ni mimi, wa upande wa mke.

Nikatoka, nikasimama mbele ya watu wote wale. Nikashika kanzu. Nikajikohoza. Nikaanza: "Ndugu zangu, mimi si mtu wa—" Wallahi sikukusudia. Ni maneno yangu, ndiyo yanayonijia. Nilitaka kusema mimi si mtu wa maneno mengi.

Walicheka, Da Biasha. Walipiga makofi. Mtu wa Bwejuu alimshika bega mkewe, aliyekuwa keshatoka ndani ili waondoke. Mjaka akaja mbele, uso umemng'aa, akaniuliza kama na mimi nilikuwa mpenzi wa Simai.

Msabah alinitazama. Ndani, nyuma ya pazia la mlango, Kidawa alikuwa akisikiliza. Ningeweza kusema kwamba mimi ndiye. Lilikuwa neno jepesi, na watu wale wangenibeba juu kama walivyolibeba jeneza. Lakini nilijibu: "Naam. Nnamwiga tu, kama nyinyi."

Mjaka akanitazama kwa huruma ya mtu anayeijua kazi. Akasema nimejaribu. Akasema kikohozi nimekipata, na mkono wa kushikia kanzu nimeupata vizuri kuliko yeye. "Lakini huyu wako mkavu, mzee wangu," akasema. "Mwinyi Taratibu wa Simai alikuwa na moyo. Ukimtazama, unajua tu kwamba mtu huyu, pamoja na yote, atakuja."

Watu wakaitikia kwamba ni kweli. Nikawashukuru kwa kuja, nikasoma Fatiha pamoja nao, wakaondoka.

Sasa nakuja kwenye lile lililonifanya nisiweze kuandika. Kidawa anadhani nimebadilika kwa sababu ya haya ya siku ile. Kila alasiri nakwenda kwake na samaki au mkate, nakaa na watoto, naye huniangalia kama amerudishiwa kitu. Lakini wewe unajua. Wewe peke yako ndiye uliyebaki unayejua, maana mama keshatangulia. Uji ule ulikuwa wako. Wewe ndiye uliyeupika, ulipokuwa bado kwetu, ukautwanga mwenyewe ule mchele, mimi nikiwa nimekaa nyuma ya mlango uliotiwa komeo. Mimi nilisema nje kuna hatari. Nilisema ana mume, mumewe na atafute. Ukanishikisha sufuria, ukalitoa komeo, ukaniambia kwamba nisipokwenda utakwenda wewe, mwanamke, na mtaa mzima uone kwamba nyumba hii haina mwanamme. Nikaenda kwa kuuogopa mtaa. Njia nzima nilikulaani. Na kizingitini kwa Simai nilikaa kwa sababu nilikataa kuingia ndani kwake. Hata mgongo niliwapa kwa sababu sikutaka kuwatazama.

Simai aliyaona yote yale, kwani alikuwa na macho. Alijua nimekasirika. Lakini alipoutazama mgongo wangu, akaamua kwamba nawalinda. Sijui kama aliamini hivyo au alinipa kwa hisani yake, na sasa hayupo wa kuulizwa. Miaka yote ile amewaonesha watu moyo ambao haukuwa wangu. Ulikuwa wako, na mimi niliubeba tu, nimenuna.

Kidawa aliponieleza ule mwisho, nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Sikumwambia. Niliinamisha kichwa kama mtu anayesifiwa akaona haya, na yeye akanishika mkono.

Nimeazimia kumwambia Ijumaa hii, nikitoka msikitini, kabla sijakaa, nisije nikapewa chai nikanyamaza tena. Nakuomba usimtangulie kwa barua. Ni langu hili, na nisipolisema mimi halitakuwa na maana. Baada ya hapo mwandikie utakavyo, na mimi niandikie unilaumu. Usinihurumie kwenye barua yako, Da Biasha. Wewe ulikuwa ukinihurumia tangu nilipokuwa mdogo, na huko ndiko tulikofika.

Mjaka nakutana naye nikipita bandarini. Amenizoea sasa, huniita kwa sauti mbele ya wenzake, ananiuliza kama nimeshajifunza kumwiga Mwinyi Taratibu sawasawa. Namjibu kwamba bado, nnajifunza.

Msalimie sana shemeji, na watoto wote, na jirani yako mwenye machungwa. Kidawa anakusalimu, wanawe wanakuamkia, na Msabah naye anakutajia salamu. Mungu akuponye mguu na atukutanishe eda itakapokwisha.

Mimi ndugu yako mdogo, mwenye kukuonea haya,

Muhiddin Mkubwa